Tuwakumbuke Mama Zetu kwa Majina Yao

Juma lililopita sikuandika katika ukurasa huu kwa kuwa nilikuwa matangani. Jirani yangu wa miaka zaidi ya hamsini, mama mmoja wa mtaa wa Mbotela hapa Nairobi, alifariki dunia baada ya kuugua siku chache, nasi majirani hatukuweza kukaa mbali. Wanawe wameniomba nisilitangaze jina lake gazetini, nami nimewakubalia, ingawa mtaona mbele kwamba habari yenyewe ni habari ya jina. Lakini wameniruhusu kusimulia yaliyotukia tulipokuwa tukiandika wasifu wake, kwa kuwa yana funzo kwa kila mwenye mama na kwa kila mwenye mke.

Kama mjuavyo, siku hizi maziko hayaendi bila karatasi. Hupigwa chapa kijitabu chenye picha ya marehemu, utaratibu wa ibada, nyimbo zitakazoimbwa, na habari za maisha yake. Kwa kuwa nilikuwa karani tangu ujana wangu, na mkono wangu haujaanza kutetemeka sana, wanawe walinijia usiku wa pili wa matanga wakaniambia, "Mzee, tafadhali utuandikie maisha ya mama." Nikakubali mara moja, nikidhani ni kazi ya saa moja.

Wakanipa karatasi waliyokwisha kuiandaa wao wenyewe. Ilikuwa na mistari sita. Wa kwanza ulisema kwamba alizaliwa, pasipo kutaja mahali wala mwaka. Wa pili ulisema aliolewa na nani. Wa tatu ulieleza kazi ya mumewe, aliyekuwa karani wa bohari, na mwaka aliostaafu. Wa nne na wa tano ilitaja watoto, elimu yao, na kazi wanazozifanya sasa. Wa sita ulisema, "Alikuwa mke mwaminifu, mama mpenzi, na rafiki wa wote."

Nikaisoma mara mbili. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Lakini niliona kwamba katika mistari ile sita marehemu mwenyewe hakufanya tendo lolote ila kuzaliwa, kuolewa na kuzaa. Yaliyobaki yalikuwa matendo ya watu wengine. Tena yale maneno ya mwisho, mke mwaminifu, mama mpenzi, rafiki wa wote, nimeyasikia katika maziko mengi mno. Yamesemwa juu ya wema, na yamesemwa juu ya wasiokuwa wema, hata yamekuwa kama sarafu iliyolika, ambayo mtu hawezi tena kusoma maandishi yake.

Basi nikawauliza, "Mama yenu aliitwaje na babaye alipokuwa mtoto?"

Wakatazamana. Mkubwa wao, mtu mwenye mvi sasa, akasema, "Mzee, sisi twamjua kwa jina la Mama. Katika kitambulisho limo jina lake la ubatizo na jina la baba. Jina la utoto hatukupata kuliuliza."

Sikuwa na haki ya kuwalaumu, maana swali lile lilinirudia mimi mwenyewe. Kwa miaka hamsini na zaidi nilipita mlangoni pake kila asubuhi, nikamwamkia, nikala ugali wake, wanangu wakalala nyumbani mwake mke wangu alipokuwa hospitalini. Na siku zote nilimwita kwa jina la kifungua mimba wake, Mama Fulani. Ndiyo desturi yetu, nayo ni desturi ya heshima. Mwanamke aliyezaa haitwi ovyo ovyo. Lakini heshima hiyo ikikaa peke yake, pasipo mtu wa kuhifadhi jina lenyewe, mwisho wake ni kwamba mtu huzikwa na watu wasiomjua jina.

Nikawaambia wanipe siku mbili. Nikachukua fimbo yangu na daftari, nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba.

Niliyemwendea kwanza alikuwa bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa akiuza mboga karibu na soko la Burma zamani, na aliyefika mjini karibu siku moja na marehemu. Nilipomwuliza habari ya jina, alicheka na kulia pamoja. Akanitajia. Ni jina la bibi yake mzaa baba, aliyelipewa kwa kuwa alizaliwa wakati wa kupalilia mtama. Akanieleza kwamba msichana yule alisoma shule ya misheni miaka mitatu, akawa wa kwanza katika hesabu, kisha akaondolewa ili karo impatie nafasi kaka yake. Hakulalamika, lakini hesabu hakuiacha. Hayo yote wanawe hawakuyajua.

Kutoka hapo habari zikaja kama maji ya mvua. Aliwasili Mbotela mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na beseni moja la vyombo. Chumba kilikuwa kimoja. Ndugu wawili wa mumewe waliokuwa wakitafuta kazi walilala nyuma ya pazia, na baadaye wakaja watoto. Kwa jiko moja la makaa alipika chakula cha watu saba, na mara nyingi cha watu kumi, kwa kuwa kila aliyeshuka kutoka bara pasipo mwenyeji alielekezwa kwake. Watu walimwita msema kweli. Mzee mmoja aliniambia kwamba siku moja alirudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa amelewa, na mshahara umepungua. Mama yule hakupiga kelele. Alikaa naye mlangoni, akamhesabia kwa vijiti chini, senti kwa senti, ni siku ngapi watoto wake wangelala na njaa. Mzee yule aliniambia, "Nilikasirika mwaka mzima. Lakini sikurudia."

Hapa yafaa nisimame kidogo, ili vijana wasiojua mambo ya zamani wafahamu jambo hilo lilikuwa na uzito gani.

Mji wa Nairobi haukujengwa kwa ajili ya mke na watoto. Kwa miaka mingi Mwafrika alihesabiwa mjini kama mkono wa kazi tu, na nyumba nyingi za zamani zilikuwa mahali pa kuweka kitanda cha mwanamume aliyemwacha mkewe shambani. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, ilitoa taarifa yake. Ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume aliye peke yake, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua hata utoshe mtu na mke na watoto. Neno hilo lilikuwa jema, lakini taarifa haijazi chungu. Kati ya siku iliposhauriwa na siku mshahara ulipotosha, kama umetosha hata leo, palikuwa na pengo kubwa, na waliolijaza pengo hilo ni wake waliokuja mjini. Walilijaza kwa kuuza mboga, kwa kufua, kwa kushona, kwa kula mwisho na kulala baada ya wote. Kila karani wa umri wangu aliyelea watoto wake mjini hata wakasoma, na aitazame hesabu yake vizuri: ataona kwamba mshahara wake peke yake haukuweza kufanya hivyo.

Mama yule alinunua cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Kazi yake kubwa ilikuwa kushona sare za shule. Kila Januari nyumba yake ilijaa vitambaa hata mahali pa kukanyaga hapakuonekana, maana wazazi walimletea watoto kupimwa hali mifuko yao ilikuwa mitupu baada ya sikukuu. Yeye alishona, mtoto akaenda shule, na malipo yakaja mwisho wa mwezi, au mwisho wa mwaka, au hayakuja.

Jioni ya siku ya pili binti yake mdogo aliniletea kitu alichokikuta chini ya droo ya cherehani. Yalikuwa madaftari manne ya shule, yamefungwa kwa uzi. Ndani yake, kwa mwandiko ulio wima na safi, mlikuwa na majina ya watoto, vipimo vya kifua na kiuno, na bei. Mbele ya majina mengi palikuwa na neno "amelipa." Mbele ya mengine alikuwa amepiga mstari, akaandika neno moja tu: "basi."

Nikafungua mwaka 1974. Mwaka ule mimi nilikuwa nimeachishwa kazi, nikakaa miezi mitano bila mshahara. Nilikuta majina ya wanangu wawili, sare mbili, shilingi thelathini na sita. Na mbele yake: mstari, na neno "basi."

Ndugu wasomaji, sitaki kuwaficha. Deni lile sikulisahau. Nililikumbuka nilipopata kazi tena, nikasema nitalipa mwezi ujao. Mwezi ujao nikaona haya kwa kuwa nilichelewa. Na haya ilipozidi nikaanza kujidanganya kwamba amesahau. Yeye hakunikumbusha hata siku moja, wala uso wake haukubadilika kwangu. Waswahili husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nilikuwa na rafiki wa namna hiyo mlango wa pili, nikaketi kuandika kwamba alikuwa "rafiki wa wote."

Usiku ule nilifikiri sana juu ya majina na maandishi. Mtaa wetu wenyewe wabeba jina la mtu. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, akauawa hapa Nairobi mwezi wa Novemba 1952, katika siku zile za hatari. Na mtaa ukaitwa kwa jina lake. Vivyo hivyo mtaa wa Ofafa wamkumbusha Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Lakini jina la Mbotela lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya hapo. James Juma Mbotela wa Freretown, karibu na Mombasa, babaye Tom, alitoa mwaka 1934 kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, akasimulia jinsi wazee wao walivyotekwa, wakauzwa, wakakombolewa na kukaa pwani. Mtumwa ni mtu ambaye wenye nguvu hutaka asiwe na jina wala nasaba. Basi mwana aliketi akaandika habari za wazee wake, na kwa hiyo hawakupotea. Sisi tukaao katika mtaa wenye jina hilo tungalipaswa kuwa watu wa mwisho kuacha mama zetu wapotee.

Wala si kweli kwamba lugha yetu haina mfano wa kumwandika mwanamke. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alipokuwa mgonjwa alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha, yapata mwaka 1858. Baada ya muda si mrefu alifariki. Watu wamebishana juu ya mawaidha yake kuhusu mke na mume, na wanawake wa leo wana haki ya kuyapima. Lakini jambo moja halina ubishi: yeye aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, na bintiye akayahifadhi. Ndiyo sababu leo twamjua kwa jina lake na la babaye, si kwa jina la mume tu.

Tena mtazameni marehemu Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962. Yeye naye alikuwa karani wa serikali kama wengi wetu, akipokea mshahara na kuhamishwa huku na huko. Mkewe Amina alipofariki hakuona haya kumlilia hadharani. Alimtungia shairi lenye jina lake, na jina hilo lasomwa mpaka leo. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliyezaliwa katika ufukara na kufariki mwaka 1950 akijulikana katika pwani yote. Mtu mwenye kalamu aliona kwamba maisha ya mwanamke yastahili kitabu. Sisi tusio washairi tumeshindwa hata ukurasa mmoja?

Basi nikaitupa ile karatasi ya mistari sita, nikaandika nyingine. Nilianza kwa jina alilopewa na babaye na sababu yake. Nikaandika miaka mitatu ya shule na kisa cha karo. Nikaandika chumba kimoja, pazia, jiko, na wageni. Nikaandika cherehani, na nikahesabu katika madaftari yale manne idadi ya watoto aliowashonea: walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Kazi ya mumewe niliiacha, kwa kuwa alikuwa mume mwema na wala hakumzuia. Lakini niliiweka katika mstari mmoja, mahali pake.

Mwanawe wa pili hakupendezwa. Alisema habari ya kuondolewa shule itawaaibisha wajomba, na habari ya madeni itawaaibisha majirani. Tulizungumza naye mpaka usiku sana. Mwishowe dada yake akasema, "Ndugu yangu, mama aliandika 'basi' ili watu wasiaibike. Nasi tusitaje jina la mdaiwa hata mmoja. Lakini kazi aliyoifanya ni yake. Tukiificha tutakuwa tumemwibia." Akanyamaza, kisha akakubali.

Tulimsafirisha kwenda kijijini kwa mumewe, mwendo wa usiku kucha. Niliposimama kando ya kaburi nikasoma lile jina la utoto, nilisikia mwitikio mahali ambapo sikuutazamia. Wanawake wanne wazee, waliotoka upande wa kwao mzazi na kukaa nyuma kabisa kama wageni, waliinuka wote pamoja. Mmoja wao akaliita jina lile kwa sauti mara tatu, kama mtu amwitaye mwenziwe aliye kisimani. Wajukuu wa marehemu waligeuka kumtazama, maana walikuwa hawajapata kulisikia.

Wasomaji wapenzi, desturi ya ukurasa huu ni kutoa shauri baada ya habari, nami natoa machache.

Kwanza, mtu yeyote ambaye mama yake yu hai na amwendee juma hili, amwulize jina lake la utoto, ni nani aliyempa, na kwa sababu gani. Amwulize alisoma wapi na aliacha kwa nini. Majibu ayaandike kwa wino, ayaweke pamoja na hati za shamba. Sisi wakulima na makarani twahifadhi stakabadhi za mbolea na za kodi miaka kumi. Mama hana stakabadhi.

Pili, tuandikapo wasifu wa mke au mama, tuache sifa za jumla, tutaje matendo. Badala ya kusema alikuwa mkarimu, semeni alimpa nani nini, lini. Tendo moja la kweli lamtosha marehemu kuliko sifa kumi za kuazima.

Tatu, michango ya matanga siku hizi hutumwa kwa simu, nayo ni mizuri, kwa kuwa maziko yana gharama. Lakini tujiulize kama tungetoa robo yake tu wakati mgonjwa alipokuwa akihitaji dawa, au fundi alipokuwa akingojea malipo yake.

Nne, na hili najiambia mimi mwenyewe kwanza: deni la wema lisingoje jeneza.

Niliporudi mjini nilimpelekea binti yake mdogo fedha katika bahasha, zaidi sana ya shilingi thelathini na sita. Alizisukuma nyuma mezani. Akasema, "Mzee, mama alikwisha kuandika basi. Mimi sina ruhusa ya kufuta." Nilirudi nazo nyumbani, na kwa siku mbili sikujua la kufanya nazo. Lakini Januari haiko mbali, na katika mstari wetu wa nyumba kuna watoto wawili ambao baba yao hana kazi sasa. Nimekwisha kuzungumza na fundi juu ya vipimo.

Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema. Tuonane juma lijalo.